Reli ya mafuta inapogombana na intakula

Shikamoo fundi. Nina Prado ya petroli, injini 5VZ-FE, yenye supachaja (pampu inayozungushwa na mkanda kusukuma hewa ndani ya injini). Nimepata intakula ya maji (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye supachaja) ya kulaza kati ya supachaja na manifodi, yale mabomba ya kugawa hewa kwenye silinda. Nimeijaribisha, lakini bomba linalounganisha reli mbili za mafuta (zinazogawia nozeli petroli) linaigusa. Nikate reli, au niiinue kidogo kwa wosha? (Msomaji, Mwanga, Kigoma)

Marahaba, mdogo wangu. Wosha hapana kabisa. Nozeli, kile kinachonyunyiza petroli, inazibwa na o-ringi (pete ya mpira) juu na chini, na o-ringi inabana kwa sababu reli imekaa palepale ilipopimwa kiwandani. Zamani niliwahi kuinua reli ya mteja kwa wosha mbili kila bolti ili bomba lipite. Gari liliwaka vizuri, akaondoka. Siku ya tatu akarudi, anasikia harufu. Nikapitisha kidole chini ya nozeli ya tatu, kikatoka kimelowa petroli. Shibiri moja tu chini yake kulikuwa na ekzosi ya moto. Yule mtu alikuwa amebeba watoto wake. Hadi leo sijasahau.

Kwako kinachogombana na intakula ni bomba la kuunganisha, reli hazina kosa. Ziache zilivyo. Ondoa bomba hilo, tengeneza njia nyingine ya kuzunguka nyuma au mbele ya injini, mbali na mkanda na ekzosi. Ncha ya reli ikibidi kufupishwa, peleka kwa mtu mwenye mashine ya kuchomelea ya TIG anayejua aluminiamu. Gundi za kuziba rejeta usiziguse. Kabla ya kuchomelea, ioshe reli kwa maji ya sabuni, ikauke na ipulizwe mpaka isibaki hata harufu, maana mvuke wa petroli ndani ya bomba tupu hulipuka kuliko petroli yenyewe.

Ikirudi, ziba matundu yote, ingiza upepo wa kompresa hadi bar 6 (bar ni kipimo cha presha), maradufu ya presha ya kawaida ya mfumo huu, ambayo ni kama bar 3. Izamishe kwenye beseni la maji, uitazame dakika kumi. Mahali pa kuchomelea pakitoa hata kipovu kimoja kidogo kama kichwa cha pini, reli hiyo haifai kurudi kwenye gari.

Jambo jingine: intakula itainua supachaja, kwa hiyo mkanda utahitaji kuwa mrefu zaidi na boneti inaweza kugusa. Weka donge la unga uliokandwa juu ya supachaja, funga boneti taratibu, fungua, pima unene uliobaki. Ukiwa chini ya sentimita 2, usiendelee. Injini hucheza kwenye maunti zake (mipira inayoishikilia) unapokanyaga mafuta.

Fundi, kwa hilo bomba jipya naweza kutumia mpira wa gesi ya jikoni? Nimeambiwa unavumilia presha. (Kibirizi)

Hapana, kaka. Huo haukutengenezwa kwa petroli wala kwa joto la chini ya boneti. Tafuta mpira ulioandikwa R9 ubavuni, ndio wa mfumo wa nozeli. Ukiona R7, ni wa kabureta, presha ndogo. Klipu nazo ziwe zile zisizo na matundu kwenye utepe, kwa sababu zenye matundu hukata mpira.

Yangu ni Hilux ya dizeli, D-4D. Nataka intakula kubwa zaidi, na reli inazuia. Niyapinde mabomba yake? (Kasulu)

Tafadhali, ndugu yangu, usiipinde, usiikate, usiichomelee. Reli ya dizeli ya namna hii hubeba presha ya zaidi ya bar 1,000. Bomba likipata ufa, dizeli hutoka kama sindano usiyoiona na kupenya ngozi. Kidonda huonekana kama cha mwiba, lakini ndani nyama inaoza. Usipapase kutafuta uvujaji kwa mkono injini ikiunguruma. Tumia kipande cha kadibodi. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama haiumi, na waambie ni dizeli ya presha. Intakula yako itafutiwe nafasi mbele ya rejeta.

Intakula ina faida gani hasa? Supachaja yangu inafanya kazi bila hiyo, ila mchana injini inagonga ikipanda mlima. (Tabora)

Kugonga huko ndiko jibu. Hewa ikibanwa hupata joto. Tabora ipo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yenu ni nyepesi, hivyo supachaja inaibana zaidi kupata presha ileile. Hewa ya nyuzi 32 ikiongezewa nusu bar na supachaja ya kawaida ya rota mbili hutoka karibu na nyuzi 100. Petroli inayokutana na joto hilo huwaka kabla ya wakati, na pistoni ndiyo inayolipa. Mpaka uweke intakula, punguza mguu mlimani.

Maji ya intakula niyatoe kwenye rejeta ya injini? (Ujiji)

Hapana, mama. Hayo tayari yana nyuzi 85 hadi 95. Intakula inataka rejeta yake ndogo mbele na pampu yake ya umeme.