Plasta ya saruji inabanduka kwenye darasa la mawe

SWALI: Darasa letu la zamani lilijengwa enzi za mkoloni kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na wanafunzi bado wanasomea humo. Miaka miwili iliyopita lilipigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta. Sasa plasta inabanduka kuanzia chini hadi usawa wa madirisha, na ukuta unatoa ungaunga mweupe. Fundi anasema tuongeze saruji. Ni sawa?
Mwalimu, Lindi Vijijini

JIBU: Hapana, Mwalimu, msiongeze hata mfuko mmoja. Kuta za namna hiyo hunyonya maji ya ardhini, na chokaa huyaachia yatoke taratibu. Saruji na rangi ya mafuta huziba njia. Maji yanapokauka huacha chumvi nyuma ya plasta, nayo ikiganda huisukuma. Huo ndio ungaunga wenu. Gongeni ukuta kwa kifundo cha kidole: palipo na mlio wa mtungi mtupu, plasta imeshaachia.

Anzeni nje. Udongo uliojaa ukutani uteremsheni hadi sentimita 15 chini ya sakafu, maji yakimbie mbali.

Likizo ya Juni, mvua zikiwa zimekatika, bandueni saruji yote kwa tindo na nyundo ndogo. Maungio ya mawe yaliyolegea yakwangueni kina cha sentimita 2. Chumvi ipigwe brashi kavu, izolewe ikatupwe mbali, kisha ukuta uachwe wazi wiki kadhaa.

Chokaa ya mfuko iloweke kwenye pipa angalau siku nzima. Changanyeni ndoo 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga wa mtoni wenye chenga. Wa ufukweni unarudisha chumvi ileile. Glavu na miwani ni lazima, wanafunzi wasikaribie: chokaa huunguza macho. Lowesheni ukuta, pigeni mkono (tabaka) wa plasta usiozidi unene wa sentimita 1, subirini wiki au zaidi kabla ya wa pili.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, kwa kuzoea saruji inayoshika kesho yake. Chokaa hukomaa polepole kwa hewa. Jua likiikausha haraka, inageuka vumbi. Tundikeni mbele ya plasta magunia ya korosho yaliyolowa, kwa siku 7. Fundi akiomba atie saruji kidogo, mkatalieni.

Rangi iwe chokaa nyepesi kama maziwa, mikono 4. Mawe yaliyodondoka rudisheni yaleyale. Msiende kuvunja matumbawe baharini.