Mota za CNC zimegoma, namba zinakimbia

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni seremala hapa Isevya, Tabora. Nina mashine ndogo ya CNC, yaani ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, niliyoiunga mwenyewe kwa Arduino Uno (ubao mdogo unaoiongoza), ubao wa CNC Shield unaopachikwa juu yake, na draiva za A4988 zinazoendesha mota. Nachongea nakshi za milango ya mninga. Juzi umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuchonga ua. Uliporudi, mota zote tatu za stepa hazisogei wala haziungurumi. Taa ya Arduino inawaka, na namba za X na Y kwenye kompyuta zinakimbia kama kawaida. Mteja anadai mlango wake. Ninunue mota mpya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue hata moja. Mota tatu hazifi usiku mmoja. Zikigoma pamoja, tafuta kile zinachochangia.

Namba zisikudanganye. GRBL, programu iliyo ndani ya Arduino, huhesabu amri ilizotuma, na mota ya stepa haina njia ya kuirudishia habari kwamba imezunguka. Hata ukizing'oa zote tatu, namba zitakimbia vilevile. Zimetufaa kwa jambo moja tu: kama mashine ingejifunga kwa alamu, namba zisingesogea kabisa. Basi hilo tuliache.

Taa nayo inakula volti 5 za waya wa USB, kutoka kwenye kompyuta. Mota hazili hapo. Zinategemea pawasaplai ya volti 12 au 24 inayoingia kwenye skrubu za ubao. Chukua mita, iweke kwenye DC, upime palepale kwenye skrubu za ubao, si kwenye pawasaplai, maana waya uliolegea hujificha katikati. Ukikuta sifuri, rudi nyuma: waya, fyuzi, kisha pawasaplai yenyewe. Mimi ningeweka dau langu hapo. Umeme ukirudi kwa kishindo, pawasaplai ndiyo inayoupokea kwanza, na mashine bubu ninazoletewa hapa Mwanga, Kigoma, mara nyingi ugonjwa wake ni huo.

Volti zikiwepo, tazama pini ya EN, inayoruhusu au kuzuia draiva kufanya kazi. Ikiwa na volti, draiva zote hulala. Zima mashine, weka jampa (kiunganishi kidogo cha pini mbili) kwenye EN/GND, washa tena. Zikibaki kimya, badilisha draiva ya X peke yake uone. Usinunue tatu kwa kubahatisha. Pini yake ya EN iingie kwenye EN ya ubao, kwani ikigeuzwa inaungua papo hapo. Ukiiweka, rekebisha umeme wake: kama vipingamizi vyake vimeandikwa R100 (yaani omu 0.1), skrubu yake ndogo ikisoma volti 0.8, mota inapata ampea 1.

Nakuomba sana: usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewashwa. Niliwahi kuunguza draiva nzima hivyo, kwa haraka ya sekunde mbili, na kazi ya mteja ikalala wiki.

Ukishapima kwenye skrubu, niandikie namba uliyoiona.