strpos si find: angalia inarudisha nini kabla hujahamisha kodi za programu

Mkuu, simama hapo hapo. Umeomba jedwali la sintaksia ya PHP, Python na JavaScript, halafu mwishoni ukagusia kwamba umeshaanza kuhamisha skripti zako kwenda Python, "kila strpos naigeuza find". Jedwali litasubiri.

Zote mbili ni fanksheni za kutafuta neno liko nafasi ya ngapi ndani ya maandishi, zikihesabu kuanzia 0. strpos ya PHP isipokuta kitu inarudisha false. find ya Python inarudisha -1. Na kwenye sharti la if la Python -1 ni kweli, 0 ndiyo uongo. Sasa soma mstari huu:

`if jina.find("tmp"): os.remove(jina)`

Nia ni kufuta mafaili ya muda. tmp_01.txt: neno limekutwa nafasi ya 0, yaani uongo, faili linabaki. ankara.csv: neno halimo, -1, yaani kweli, linafutwa. Takataka zinasalia, kazi za watu zinaondoka, na skrini haikuonyeshi kosa hata moja. Mimi niliuendesha kwenye folda ya mteja. Bakapu ilikuwepo, tena humo humo, ikaenda na wenzake. Folda ilibaki nyepesi sana, ingawa mteja hakuona haja ya kunipongeza.

Aliyeniingiza mjini ni jamaa wa video za mafunzo: "Lugha za skripti zote ni moja, zinatofautiana mabano tu." Mabano! Ukikosea mabano programu inagoma kuanza, unarekebisha, unaendelea. Kinachoua ni fanksheni zinazofanana sura na kujibu tofauti. Ruby na Lua zikikosa neno zinarudisha nil (yaani hakuna kitu, inayohesabika uongo), na kwao 0 ni kweli, kwa hiyo sharti la aina ile lingepita salama. Alilisema hilo? Wapi!

Na sort, fanksheni ya kupanga orodha, ni hivyo hivyo. PHP inapanga safu yenyewe na kukurudishia true. .sort() ya Python nayo inapanga orodha yenyewe, ila inakupa None, yaani hakuna kitu. JavaScript ukiipa [10, 9, 1] inakurudishia 1, 10, 9, maana inalinganisha kama maandishi.

Kwa hiyo fanksheni usiihamishe kwa jina. Ifungue peke yake kwenye konsoli, ipe neno lililo mwanzoni, kisha lisilokuwemo, uone inajibu nini. Hapo kwako inatosha `jina.startswith("tmp")`, inayouliza kama jina linaanza na tmp. Ila kwanza toa os.remove, weka print, endesha, ulete hapa orodha itakayotoka.