Dolby au DTS? Angalia kebo kwanza

Ndugu, umeuliza uchague Dolby Digital au DTS (njia mbili za kubana sauti ya filamu) kwenye menyu ya diski, na kwa nini DTS inasikika ikiwa na nguvu zaidi. Mara nyingi nguvu hiyo ni kiwango cha sauti tu. Dolby hubeba maelekezo yanayoiambia risiva (mashine inayoendesha spika) ishushe sauti, ili mazungumzo yakae kwenye kiwango kimoja toka filamu hadi filamu. Ongeza Dolby kidogo mpaka zilingane, halafu sikiliza upya. Ni kweli kwamba kwenye Blu-ray Dolby Digital huishia kilobiti 640 kwa sekunde na DTS ya kawaida hufika 1,509, lakini kila moja inabana sauti kwa njia yake, kwa hiyo namba kubwa peke yake si ushahidi.

Kama diski ina Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio, chukua hiyo. Zote mbili zinarudisha sauti ya studio bila kupoteza kitu, na kati yao usihangaike kuchagua.

Ila kebo! Ya optiki haizibebi, utapata 5.1 (spika tano na moja ya besi) iliyobanwa. Ukipitishia kwenye televisheni unahitaji eARC, toleo jipya la ARC (njia ya HDMI inayorudisha sauti toka televisheni hadi risiva), maana ARC ya kawaida haitoshi. Atmos (sauti ya Dolby inayotoka hata juu yako) ya filamu za mtandaoni kwa kawaida husafiri ndani ya Dolby Digital Plus, toleo lililoboreshwa la Dolby Digital; hiyo ARC huweza kuipitisha.

Hela ikibaki, iende kwenye spika ya katikati. Mazungumzo karibu yote yanatoka pale.