Brandi hunywewa, chapa hupigwa

Msomaji mmoja ameuliza: "Majina ya brandi za pombe yalitoka wapi, na yana maana gani?"

Nitamjibu, lakini sina budi kuanza na neno moja katika swali lake ambalo limenikera kwa miaka mingi. Brandi, kwa Kiswahili, ni kinywaji, yaani pombe kali inayopatikana kwa kukeneka mvinyo (kuuchemsha na kukusanya mvuke wake), na asili ya jina lake ni brandewijn la Kiholanzi, maana yake mvinyo uliochomwa. Sasa kiwanda kikitangaza kwamba kimezindua "brandi mpya", tuelewe nini? Kama ni kiwanda cha bia, msomaji atadhani kimeanza kukeneka mvinyo. Kama kweli kinatengeneza brandi, mwandishi wa tangazo atalazimika kuandika "brandi mpya ya brandi", na sioni atakavyoyasoma maneno hayo kwa sauti bila kuona haya.

Wapo wanaojitetea kwamba katika Kiingereza maneno mawili, brand (chapa) na brandy (kinywaji), yana nasaba moja ya moto, kwa kuwa alama ya mwenye mali ilichomwa kwa chuma juu ya ngozi ya ng'ombe na juu ya mapipa. Nasaba hiyo naikubali, ila haituhusu. Sisi tuna chapa, neno lililotufikia kutoka Kihindi, na ng'ombe wetu hupigwa chapa kwa chuma kile kile cha moto. Neno lipo, linaeleweka, na halimchanganyi mnywaji wala asiyekunywa. Kuliacha ni uvivu.

Chapa za pombe, basi, nyingi ni majina ya watu, wala hazina fumbo: Arthur Guinness alianza kupika bia Dublin mwaka 1759, na Facundo Bacardí alianzisha kiwanda chake cha ramu Santiago de Cuba mwaka 1862. Amstel ni mto wa Amsterdam. Urquell, katika Pilsner Urquell, ni Kijerumani cha "chanzo cha asili", kwa kuwa bia ya aina hiyo ilipikwa kwanza katika mji wa Plzeň mwaka 1842. Inayonipendeza zaidi ni Stella Artois ya Leuven, Ubelgiji: stella ni nyota kwa Kilatini, maana bia hiyo ilitolewa kwa ajili ya Krismasi ya 1926, na Artois ni jina la mpishi wa bia wa karne ya 18.

Wauzaji wakiambiana "brandi" katika mazungumzo yao, nitavumilia. Katika maandishi yatakayopita mikononi mwangu, nitaikata kwa kalamu nyekundu na kuandika chapa.