CLN2: dripu ya mkononi haifiki kwenye ubongo
Je, kimeng'enya cha kutibu CLN2 (ugonjwa wa Batten wa watoto wadogo, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo) kinaweza kutolewa kwa dripu ya mkononi? Hapana, hakipitishwi kwenye mshipa wa mkono. Molekuli yake ni kubwa mno, haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Dawa yenyewe, cerliponase alfa (Brineura), hupelekwa moja kwa moja kwenye ventrikali za ubongo (vyumba vya ndani vyenye maji) kupitia kifuko kidogo ambacho daktari wa upasuaji hukizika chini ya ngozi ya kichwa. Kwa mtoto wa miaka 2 na zaidi dozi ni miligramu 300 kila wiki mbili. Pampu husukuma mililita 2.5 kwa saa, kwa hiyo mililita 10 za dawa pamoja na maji ya kusukumia yanayofuata huchukua karibu saa nne na nusu.

Kinachoharibika mara nyingi ni kile kifuko: kinavuja, kinaingiwa na bakteria, au kinachakaa kwa kuchomwa sindano mara kwa mara. Ndiyo maana maelezo ya dawa yanataka kufikiriwe kukibadilisha kabla ya miaka 4 ya matumizi. Kabla ya kila dozi hukaguliwa, na maji ya ubongo hupimwa.

Dawa hupunguza kasi ya kupoteza uwezo wa kutembea, haiponyi. Macho nayo hayalindwi, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) huendelea kufa. Mtoto wa miaka 2 hadi 4 aliyechelewa kusema kisha akaanza degedege bila homa, apimwe TPP1 (kimeng'enya kinachokosekana katika CLN2) mapema. Tone la damu iliyokaushwa kwenye karatasi linatosha kuanzia.