Shangazi, bosi amenionea huruma mpaka nimekosa cheo

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, nafanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa saba. Nilianza kama karani wa kuzungusha makaratasi, leo hati za karibu mizigo yote ya wateja wakubwa naandaa mimi. Cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha ninacho, nilikisomea Chuo cha Kodi kwa hela yangu mwenyewe.

Wiki tatu zilizopita ametangazwa msimamizi mpya wa shughuli za bandarini. Ni kijana ambaye mwaka juzi nilimfundisha mimi kusoma hati ya upakiaji, na hicho cheti hana. Nilipomuuliza bosi, alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, kazi ile ina zamu za usiku, kama sita kwa mwezi. Una mtoto mdogo. Nimekuonea huruma." Mtoto wangu ana mwaka mmoja na miezi miwili, na hakuna aliyeniuliza usiku nampangaje.

Kwenye vikao mwandishi wa muhtasari ni mimi, na birika la chai likiingia macho yote yananigeukia mimi. Huyo kijana ananipigia saa nne za usiku kuniuliza kazi yake. Mume wangu anasema nitulie, kwani mshahara hauingii? Wenzangu wanasema nina wivu. Kweli nina wivu, Shangazi?

Mama Kontena, Temeke

Marahaba mwanangu.

Wivu unao, na mimi ningekuwa nao. Tuuache hapo, maana si wivu uliokunyima kazi.

Barua yako niliisoma jioni, nikairudia asubuhi, na kila mara nilikwama kwenye neno moja: huruma. Bosi wako angekuwa mtu wa matusi ungejua la kufanya siku ileile. Lakini amekuita mama, amepunguza sauti, amekutakia mema wewe na mwanao, halafu ametoka na cheo chako mkononi. Umebaki kujiuliza kama una shukrani. Huruma ya namna hiyo ndiyo inayowarudisha wanawake wengi nyuma maofisini, kwa sababu ukiikataa unaonekana jeuri. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Wewe mtu mzima wa miaka 34 umelilia makontena, umeambiwa yatakukata.

Sasa tuiangalie hiyo sababu ya usiku, maana bosi wako ameisema kama vile ameisoma mahali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inazungumzia kweli usiku na akina mama. Inamkataza mwajiri kumfanyisha kazi usiku mjamzito katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua, na mama katika miezi miwili ya mwanzo baada ya kujifungua. Zaidi ya hapo ni pale daktari akiandika kwamba afya ya mama au mtoto hairuhusu. Mwanao ana miezi 14. Kinga hiyo imekwisha zamani, na kwa vyovyote iliwekwa ikulinde wewe, haikuwekwa ili mtu mwingine apate nafasi. Kama bado unanyonyesha, sheria hiyohiyo inakupa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya mtoto. Sijui kama bosi alikuonea huruma na kwenye hilo.

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo ndicho kinachokuhusu zaidi. Kinamkataza mwajiri kubagua kwa jinsia, kwa ujauzito, kwa hali ya ndoa na kwa majukumu ya familia, na kupandisha cheo ni moja ya mambo yanayotajwa humo. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mfanyakazi akishaonyesha dalili za kuaminika kwamba amebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo unahamia kwa mwajiri. Wewe mtu wa mizigo utanielewa.

Tatizo ni kwamba maneno ya bosi yako hewani. Alikuambia ninyi wawili tu, kwa upole, na kesho anaweza kusema alizungumzia uzoefu. Mwaka 1988 nilikuwa karani wa mahesabu katika shirika moja, nikamfundisha kazi mwanamume aliyekuja kuwa mkuu wangu ndani ya miezi minane. Nililia msalani, nikanawa uso, nikarudi mezani. Sikuandika hata mstari mmoja. Leo nikikusimulia huna hata sababu ya kuniamini.

Kwa hiyo andika. Anza na ujumbe mfupi kwa bosi, hata kwa WhatsApp, usio na hasira: "Bosi, kama tulivyozungumza siku ile, nimekuelewa kwamba sikupewa nafasi ya usimamizi kwa sababu ya zamu za usiku na mtoto wangu mdogo. Naomba unisahihishe kama nimekosea." Akijibu "ndiyo mama, usijali", umepata. Akikanusha, atalazimika kusema sababu nyingine, nayo utakuwa nayo kwa maandishi. Akikaa kimya, ujumbe upo na tarehe yake.

Baada ya hapo iende barua rasmi kwa afisa utumishi, ukurasa mmoja, yenye ombi moja: vigezo vilivyotumika kumpata msimamizi, na wewe ulipungukiwa wapi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Usijaze barua maneno ya kuumizwa. Jaza kazi. Mwaka jana ulitoa mizigo mingapi? Mingapi ililimbikiza tozo za kuhifadhiwa bandarini kwa sababu ya kosa la hati, na mingapi kati ya hiyo ilikuwa ya kwako? Mteja gani aliomba ahudumiwe na wewe? Mambo hayo yako kwenye mafaili unayoyashika kila siku.

Na hapa nina neno kuhusu huo uandishi wa muhtasari unaokukera. Hebu fikiri, miaka saba wamekukabidhi kalamu. Nani alipendekeza njia ya kupunguza ucheleweshaji, nani alipewa jukumu akashindwa, nani aliokoa mzigo wa nani: yote yameandikwa kwa mkono wako na wao wenyewe wameyathibitisha kwenye kikao kilichofuata. Hao waliokudharau ndio waliokutunzia kumbukumbu. Pitia mihutasari hiyo, nukuu tarehe unazozihitaji kwenye barua yako. Usibebe nyaraka za siri za wateja kwenda nazo nyumbani, hilo wangekufukuzia. Ukishamaliza, kikao kijacho sema mbele ya wote kwamba uandishi uwe wa zamu, na mwezi huu aanze mwingine. Sema huku unatabasamu, na uwe umekuja na daftari lako tu. Chai ipo kwa mhudumu. Likiingia birika wewe endelea kusoma taarifa yako. Kimya kitakuwepo. Kivumilie, hakizidi dakika moja.

Kijana muache. Hakujipa cheo, na siku moja anaweza kuulizwa nani alimfundisha kazi. Ni vizuri akumbuke kwa wema. Ila simu za saa nne za usiku zikome. Mwambie akuulize mchana, kwa ujumbe wa maandishi, na umjibu vizuri. Usimhujumu, na usimfanyie kazi yake. Bosi aliyekuonea huruma ya usiku amepata usiku wako bure kabisa, na sheria inataka saa za usiku zilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi.

Nakuonya kuhusu siku. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Wa kuachishwa ni siku 30. Wewe umeshatumia 21, na barua yako imekaa mezani kwangu siku kadhaa. Wanawake wengi hupoteza haki hapo: wanasubiri bosi arudi safari, wanasubiri mwaka mpya wa bajeti, wakishtuka wanaanza kuomba kuongezewa muda. Sikuambii ukimbilie Tume kesho. Sekta yenu ni ndogo, watu wa Kurasini wanajuana, na kesi ina gharama zake hata ukishinda. Lakini tarehe ya mwisho iandike kwenye kalenda ya jikoni. Pale Tume huanzwa na usuluhishi, mnakaa mezani na mtu wa kati, na mambo mengi yanamalizikia hapo. Kama ofisini kuna tawi la chama cha wafanyakazi, iwe TUICO au kingine, ongea na katibu wake kabla hujapeleka hiyo barua.

Huenda wakakupa jibu la "subiri nafasi nyingine". Likija, usiondoke nalo hivyohivyo. Omba tarehe, na omba kitu cha kushika: wakupeleke kwenye mafunzo ya Mwanamke Kiongozi yanayoendeshwa na Chama cha Waajiri Tanzania, wakulipie wao, na uanze kukaimu zamu za bandarini mwezi ujao. Huku ukisubiri, peleka wasifu wako sehemu mbili tatu. Mwenye cheti na miaka saba hakosi wa kumsikiliza.

Atatokea pia wa kukuambia nchi hii tangu Machi 2021 inaongozwa na mwanamke, sasa unataka nini tena. Mjibu kwamba Ikulu ni kiti kimoja, na wewe unaulizia cha bandarini.

Nimemuacha mume mwisho kwa sababu nadhani hajakataa. Alichosikia ni zamu za usiku, akajiona peke yake na mtoto analia saa nane. Hilo anaona aibu kulisema, ndiyo maana amekimbilia kwenye mshahara. Kaa naye na kalenda, mwonyeshe usiku sita kati ya thelathini, zipi atashika yeye, zipi mama yako anaweza kuja kulala. Akiona ni sita kweli, si thelathini, mtazungumza tofauti.

Na kama kuna binti anayekulelea mtoto, ukianza hizo zamu saa zake zitaongezeka bila yeye kuulizwa, kama ulivyofanyiwa wewe. Muulize kwanza, halafu umwongeze hela.

Shangazi